Jumapili ya pikipiki hadi mto Pangani: namna tunavyoipanga

Karakana yangu iko Ngamiani, Tanga. Kwa miaka 19 nimekuwa nikifungua na kufunga pikipiki za watu, Jumatatu hadi Jumamosi, nyingi za vijana wa bodaboda ambao hawana hata subira ya kungoja injini ipoe. Lakini Jumapili moja kila mwezi, wakati wa kiangazi, sifungui karakana. Nawasha Boxer yangu ya cc 150, tunakusanyika watu wanane, tunakwenda Pangani kuuona mto. Yuko mwalimu wa sekondari, muuguzi, kinyozi, mzee mstaafu wa reli, vijana wawili wa bodaboda, dada anayeuza vitenge sokoni, na mimi. Wateja wangu huniuliza tunafanyaje mpaka tunarudi wote wazima, hatujagombana, na bado tunaulizana tarehe ya safari ijayo. Naeleza hapa, nawe uchukue wenzako.

Nianze na kosa, maana utaratibu wetu wote umetoka humo. Safari ya kwanza kila mtu alikwenda kwa mwendo wake. Tuliambiana tu tukutane kivukoni. Kinyozi ndiye aliyekuwa wa mwisho, na katikati ya barabara ya vumbi itokayo Muheza tairi lake la nyuma likachomwa na mwiba. Hakuwa na tyubu, hakuwa na pampu, na simu haikushika mtandao. Sisi saba tulikuwa tumeshakaa kivulini Pangani tunakunywa madafu, ndipo muuguzi akauliza, "Jamani, kinyozi yuko wapi?" Niligeuza pikipiki papo hapo. Nilimkuta anaisukuma, shati limemgandia mgongoni, viatu vimegeuka rangi ya barabara. Hakunigombeza. Alisema tu, "Fundi, mimi nilidhani mnaniona kwenye kioo."

Siku hiyo nilishindwa kula. Tangu hapo tuna sheria moja inayotangulia nyingine zote: kila mtu anamchunga aliye nyuma yake. Si kiongozi pekee, kila mtu. Taa kubwa zinawashwa mchana kutwa, na kila baada ya muda unaangalia kioo cha kulia utafute taa ya mwenzako. Ukiikosa, punguza mwendo. Ukiikosa bado, simama pembeni. Ukisimama wewe, aliye mbele yako atakukosa kwenye kioo chake, naye atasimama, na hivyo hivyo mpaka kwa anayeongoza. Hakuna anayehitaji kupiga simu. Kwenye njia panda ni vivyo hivyo: hukati kona mpaka aliye nyuma yako amekuona unakokatia. Ukilishika hili peke yake, hata mengine ukiyasahau mtarudi wote.

Sasa msimu. Usiende wakati wa masika. Kuanzia Machi hadi Mei udongo mwekundu wa upande wa Muheza unakuwa sabuni, na pikipiki ya matairi ya mjini haina pa kushika. Miezi yetu ni Juni hadi Septemba. Barabara imekauka, jua si kali sana, na machungwa ya Muheza yapo. Vuli ikichelewa, Oktoba nayo inafaa.

Njia tunayoipita ni mzunguko wa kilomita kama 130. Tanga hadi Muheza ni lami, kilomita zisizofika 40. Muheza hadi Pangani kupitia Boza ni vumbi, kama kilomita 45. Kurudi tunashika barabara ya pwani, Pangani hadi Tanga, kilomita 50. Watu wengi huuzungusha kinyume, waanze na pwani. Mimi nawashauri muanze na Muheza, na sababu ninazo. Asubuhi mnaelekea magharibi, jua liko mgongoni. Vumbi la Muheza mnalikuta bado limeshikwa na umande. Na jioni mkirudi kwa njia ya pwani mnaelekea kaskazini, upepo wa kusi unawasukuma kwa nyuma na jua liko kushoto kwenu. Siku nzima halikuingii machoni. Mtu aliyewahi kukutana na lori huku jua limemkaa usoni atanielewa.

Saa ya kuondoka tumeipanga kwa dini zetu, na sijaona mpango mzuri kuliko huo. Mwalimu na muuguzi wanasali misa ya kwanza, kwa hiyo tunakutana saa mbili kamili asubuhi kwenye kituo cha mafuta nje ya mji. Sisi Waislamu tunataka adhuhuri itukute Pangani, na hilo linatuweka kwenye mwendo mzuri bila mtu kushika saa. Kurudi, tunataka kuwa mjini kabla ya magharibi. Barabara ya kijijini usiku ina ng'ombe, ina baiskeli zisizo na taa, ina watoto waliotumwa dukani.

Pikipiki inatengenezwa Jumamosi. Asubuhi ya safari si wakati wa kufungua kitu. Nikupe yale ninayoyaangalia mwenyewe. Cheni kwanza. Isimamishe pikipiki kwenye stendi kubwa, zungusha tairi la nyuma kwa mkono polepole, na ibonyeze cheni upande wa chini, katikati ya sproketi mbili, yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni. Iwe inacheza juu na chini kama unene wa vidole viwili. Watu wengi wanapima mahali pamoja tu, na hapo ndipo wanapokosea. Cheni iliyotumika haichakai sawasawa, ina mahali imekaza na mahali imelegea. Ipime sehemu nne, tano, na kipimo chako kiwe pale ilipokaza zaidi. Ukiifunga kwa kufuata palipolegea, palipokaza patavutika kama kamba ya ndoo, na njia nzima itakuwa inakula beringi na meno ya sproketi. Nimebadilisha beringi nyingi ambazo hazikuwa na kosa lolote, kosa lilikuwa la aliyekaza cheni.

Kisha kebo ya klachi. Vuta mkono wa klachi, chungulia pale kebo inapoingilia. Ukiona uzi mmoja wa waya umekatika, badilisha leo, maana zilizobaki zinafuata. Kebo ya akiba tunabeba moja, tunaifunga chini ya kiti. Upepo nao usiupime kwa kubonyeza kwa kidole. Pima kwa kipimo, tairi likiwa limepoa. Mimi natia psi 25 mbele na 28 nyuma nikiwa peke yangu, nikipakia nazidisha nyuma. Yako inaweza kuwa tofauti, soma kibandiko chake. Oili, breki, indiketa, honi, hayo unayajua. Leseni na bima ziwe mfukoni, kofia ngumu ifungwe kidevuni. Kofia isiyofungwa mkanda ni kofia ya mapambo, na anayekuja nayo hivyo tunamngoja aifunge kabla hatujawasha.

Kundi zima linabeba mfuko mmoja wa vifaa, na anaubeba mtu wa mwisho. Nasisitiza, wa mwisho, kwa sababu anayeharibikiwa huwa ni lazima apitwe na wa mwisho, lakini si lazima apitwe na wa kwanza. Ndani kuna tyubu mbili (ya mbele na ya nyuma hazilingani), vyuma viwili vya kubandulia tairi, pampu ya mkono, spana za ekseli, plagi moja, kebo, viraka na gundi, na kitambaa. Ukiziba pancha njiani, kabla ya kurudisha tyubu ingiza kitambaa ndani ya tairi ukizungushe polepole. Kikinasa mahali, mwiba uko hapo. Ukitumia vidole utajichoma. Kijana mmoja niliwahi kumuona amebandika viraka vitatu kwenye tyubu moja, mahali palepale, na mwiba bado umo ndani unamngoja.

Mpangilio barabarani ni huu. Anayeongoza ni mtu anayeijua njia na asiye na haraka, kwetu ni mzee wa reli. Wa pili yake ni mgeni wa kundi au mwenye pikipiki dhaifu. Usimweke mgeni katikati wala nyuma, ataendesha kwa kukimbizana. Akiwa wa pili, kiongozi anaendesha kwa kumtazama yeye, na sisi wote tunapata mwendo wake. Kwenye lami tunakwenda 50 hadi 60. Vijijini kibao kinasema 50, na trafiki wenye tochi wanajua kuhesabu, lakini zaidi ya trafiki kuna watu wanatoka kanisani wamevaa nguo nyeupe, na si haki kuwapitia kwa kelele. Hatuendi sambamba wawili wawili. Mmoja anakaa kulia kidogo ya njia yetu, anayemfuata kushoto kidogo, ili kila mtu aone mbele na awe na nafasi ya kukwepa shimo.

Lami hiyo ya Tanga hadi Muheza ndiyo inayopitwa na mabasi yaendayo Segera na Dar es Salaam. Basi likikupita kwa kasi, kwanza linakusukuma na upepo wake, kisha linakuvuta. Bana tenki kwa magoti, legeza mikono, usiguse breki. Na usikimbilie ukingoni kabisa mwa lami, kwa sababu pembeni kuna ngazi ya kushuka kwenye changarawe, na hiyo imeangusha watu wengi kuliko mabasi.

Pongwe mnaipita, mashamba ya mkonge yanaanza, mistari mirefu ya kijivu na kijani mpaka chini ya vilima. Muheza simameni nusu saa. Machungwa yamepangwa mafungu barabarani, na wauzaji wanakumenyea kwa kisu, duara moja bila kukatika. Kula mawili, chukua matatu ya njiani. Hapo hapo jaza mafuta. Pikipiki yetu ndogo ikitunzwa inakwenda kilomita 40 na zaidi kwa lita, kwa hiyo tenki likijaa Muheza halina wasiwasi. Petroli ya kwenye chupa vijijini ni ya dharura tu, maana hujui chupa ilikuwa na nini.

Baada ya Muheza lami inakwisha, na hapa ndipo safari inapokuwa safari. Mwendo ushuke mpaka 30 au 35. Acheni nafasi kubwa kati yenu, vumbi la aliye mbele litue kwanza ndipo upite. Ukiingia kwenye mchanga usishike mshikio kwa nguvu. Ushike kama umeshika kifaranga: asitoroke, wala usimuumize. Kaa nyuma kidogo kwenye kiti, mafuta yaende sawa bila kuachia ghafla, macho mbali mbele. Tairi la mbele litachezacheza, liache. Anayeanguka mchangani ni yule anayegombana nalo, au anayeshika breki ya mbele. Dada wa vitenge alianguka mara mbili safari yake ya kwanza, mara zote kwa breki ya mbele. Nilimwambia, "Dada, safari hii vidole viwili vya kulia vifunge kwenye mshikio, sahau kama kuna breki huko." Tangu siku hiyo anapita mchanga vizuri kuliko mimi.

Ukikutana na watu, punguza mpaka vumbi lisiwafikie, na salimia. Wazee wanaokaa barazani wanajibu salamu ya mtu aliyepunguza mwendo. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwatoka Tanga?" Kwa maneno hayo tu tumewahi kuambiwa kwamba daraja dogo mbele limeliwa na maji, tukapita njia ya shambani.

Mkishakaribia Boza na kuendelea kuteremka, minazi inazidi, hewa inakuwa na chumvi, kisha mnauona mto. Maji ni mazito, ya rangi ya chai ya maziwa. Yametoka mbali: misitu ya milima ya Kilimanjaro na Meru, yakakusanyika bwawa la Nyumba ya Mungu, yakapita Korogwe, yakazungusha mitambo ya umeme Hale, ndiyo haya yanayoingia baharini mbele yenu. Kaeni ukingoni. Msipange kitu kingine kwa saa nzima. Mtazame mitumbwi inavyovuka kwa kukata maji kimshazari, na kama maji ya bahari yanajaa mtaona mto unasimama, kisha unarudi nyuma kidogo kidogo, majani yaliyokuwa yanakwenda baharini yanapanda kuelekea bara. Mzee wa reli anaweza kuliangalia jani moja mpaka litoweke. Mimi nikiwa pale masikio yangu yaliyojaa injini wiki nzima yanapumzika.

Onyo: msioshe pikipiki mtoni. Najua vijana mnapenda. Mto una mamba, oili yako inakwenda kwenye maji wanayoyategemea wengine, na maji ya pale yana chumvi inayokula cheni.

Mjini Pangani tunasali, tunakula. Fedha ya chakula na kivuko inakusanywa asubuhi kabla ya kuondoka, sawa kwa sawa, inashikwa na muuguzi, na hakuna mtu anayeingiza mkono mfukoni tena. Hilo limetuokoa na manung'uniko mengi. Wali wa nazi, samaki wa kukaanga, pilipili ya ndimu, kisha kahawa chungu na kashata. Baada ya hapo kutembea kidogo kwa miguu kwenye mitaa ya milango ya zamani na boma la kale. Abushiri bin Salim, aliyewaongoza watu wa pwani kupigana na Wajerumani kuanzia 1888, alinyongwa katika mji huu Desemba 1889. Mwalimu hutusimulia habari zake kila safari, na kila safari tunamsikiliza.

Kisha kivuko, tuvuke Bweni. Kivuko kina adabu yake. Zima injini, ushuke, usubiri kuitwa. Ule mlango wa chuma wa kupandia umelowa maji ya chumvi na umesuguliwa na matairi mpaka unang'aa. Upande ukiwa wima, gia ya kwanza, polepole, bila kukata kona na bila breki ya mbele. Mimi nawaambia wageni washuke wasukume, injini ikiwa gia huru, mtu mmoja nyuma. Ndani, weka gia ya kwanza ili isitembee, stendi ya pembeni, na ubaki umeishika. Usiiache ukaenda kupiga picha. Maji yakiyumba kidogo tu, pikipiki moja ikianguka inaangusha saba.

Upande wa Bweni barabara inapanda, na juu pale geukeni mtazame nyuma: mji wote, mdomo wa mto, na mstari ambapo maji ya chai yanakutana na maji ya buluu. Kwa upande huo huo, Kikokwe, ndiko mkonge wa nchi hii ulikopandwa mwanzo. Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche kutoka Florida mwaka 1893, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Mashamba yote mliyoyapita asubuhi asili yake ni hapo. Tunakwenda mpaka Mwera tukiwa na muda, tunageuza. Saa tisa iwakute mmeshavuka kurudi, kwa sababu foleni ya kivuko jioni haitabiriki.

Njia ya pwani haina maneno mengi. Imekuwa ikijengwa kwa lami, kwa hiyo hatari yake ni kujisahau: umetoka kwenye vumbi, mwili umechoka, tumbo limeshiba, lami laini, mkono unazidisha wenyewe. Simameni Kigombe mnyooshe miguu, na kama saa inaruhusu simameni Tongoni kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya kale, zaidi ya 40. Muuguzi ndiye anayeamua kama tunasimama, kwa kuwa ndiye anayetambua nani amechoka kabla mwenyewe hajajua.

Mkifika, msitawanyike barabarani. Tunarudi palepale tulipoanzia, kituo cha mafuta. Jioni hiyo hiyo osha cheni kwa maji baridi, uifute, uipake oili ukiizungusha mkono. Ukiiacha mpaka Jumatatu, chumvi ya kivukoni itakuwa imeshaanza rangi ya kutu.

Na hatuzimi taa mpaka wa mwisho aingie. Kwetu wa mwisho ni kinyozi. Aliomba mwenyewe, safari ya pili, na hajakubali kumwachia mtu nafasi hiyo. Anakuja taratibu na mfuko wa vifaa umefungwa nyuma ya kiti, anasimama, anavua kofia, anatuhesabu kwa kidole, kisha anasema yale anayosema kila mara: "Nyuma yangu hakuna mtu." Ndipo tunazima.